Kitabu Kilichosema Simama

Sura ya Tisa

Mwizi hana subira. Barasa Wakhungu, mpelelezi wa polisi wa Kitale, aliliamini jambo hilo kuliko mengi aliyofundishwa chuoni, na ndilo lililomwingiza mferejini na viatu vyake vya serikali huku watu wenye akili wakiwa wamesimama juu, kwenye nyasi kavu, wakimtazama.

Mfereji huo ulianzia mto Chwele, ukaambaa na ubavu wa kilima hadi kwenye zahanati ya misheni, mwendo wa kama maili mbili. Wakulima waliuchimba msimu mzima, kila boma na kipande chake, wakifuata vigingi vilivyopigwa na wapimaji kutoka Kitale. Juu ya kila kigingi paliandikwa kina cha kuchimba. Siku maji yalipofunguliwa, kwa sala na vigelegele, yalikuja vizuri hadi karibu na katikati, yakasimama. Yakajaa, yakabomoa ukingo, yakamiminika katika shamba la maharagwe la Mama Agneta. Mkuu wa polisi kule Kitale alipopata habari alikuwa na neno moja tu, hujuma. Mwaka huo wa 1953, Kenya ikiwa katika hali ya hatari, neno hilo halikukaa mbali na ulimi wa mkubwa yeyote.

“Mulembe, kukhu,” Wakhungu alimwamkia Mama Agneta, kwa maana alikuwa wa rika la nyanya yake. “Huku chini naona mmechimba upya.”

“Mulembe, mwana wefwe, mtoto wetu. Tulichimba. Si ungetaka tukae tu? Maji ilikataa kupita, ikarara kwa maharagwe yangu. Nikaita watu. Tukafuata maji na jembe. Ikisimama, tunachimba. Ikipita, tunaacha.”

“Hamkupima?”

“Maji ndiyo ilipima. Hao wa kupima si walishapima wakaenda?”

“Mlianzia wapi?”

“Huko karibu na mto. Huko ilitaka kidogo tu, kama unene ya kidole. Ukikuja mbele inataka zaidi. Hapa kati ndiyo ilitumaliza mgongo. Ukipita hapa inapungua tena, inapungua, mpaka karibu na zahanati hatukugusa kitu.”

Ukuta wa mfereji ulisema vivyo hivyo. Udongo uliochimbwa mara ya kwanza ulikuwa umekauka na kupauka. Chini yake ulikuwa udongo wa juzi, mwekundu, bado na unyevu. Wakhungu akatembea ndani ya maji yaliyomfika kifundoni, jicho likiwa kwenye mkanda ule mwekundu. Karibu na mto ulikuwa mwembamba kama ukanda wa suruali. Kisha ukanenepa taratibu, bila kuruka mahali, hadi katikati, na baada ya hapo ukaanza kukonda kwa taratibu ile ile. Alikwenda hadi mwisho akarudi.

Akaazima panga, akakata tete ukingoni, akalisimamisha pale mkanda ulipokuwa mnene kuliko pote, na kulikata sawasawa na mpaka wa udongo mkavu na udongo mbichi. Kikatoka kipande kisichofika futi mbili.

“Hiyo ni ya nini?” Mama Agneta aliuliza.

“Fimbo ya kutembelea.”

“Ni fupi.”

“Na mimi sijazeeka sana, kukhu.”

Mama Agneta alicheka, lakini Wakhungu alikuwa na mawazo. Mtu anayetaka kuharibu mfereji hung’oa kigingi kimoja au viwili usiku, akavipiga kwingine, akakimbia. Angefanya hivyo, sakafu ingekatika mahali pamoja kama kidato cha ngazi. Ni nani basi angekaa kwenye baridi ya Chwele akahamisha vigingi zaidi ya ishirini, kila kimoja kikizidi jirani yake kidogo mpaka katikati, kisha kila kimoja kikipungua kidogo? Mwizi wa namna hiyo angepewa kazi serikalini.

Hata hivyo palikuwa na shahidi, na shahidi hatupwi kwa sababu umeona udongo.

*

Abdisalam alikuwa na hoteli ya chai pale sokoni Chwele, mlango wake ukitazama barabara ipandayo kilima. Alikuwa ameshaandikisha ushahidi kwamba siku iliyofuata kupigwa kwa vigingi aliliona gari la ng’ombe la Alwi mwenye kinu limesimama mchana kutwa pale pale vigingi vya katikati vilipo. Alwi naye alikuwa na sababu. Kinu chake cha kusagia mahindi kilizungushwa na mto ule ule, na kila tone lililokwenda zahanati lilikuwa tone ambalo halikwenda kwake.

“Rudia kama ulivyomwambia konstebo,” Wakhungu alisema.

“Kama nilivyosema, afande. Mimi niko hapa namimina chai. Naangalia juu, gari iko. Namimina zingine, naangalia, iko pale pale. Hata wateja waliona. Uliza yeyote.”

“Niliuliza. Wanasema hivyo hivyo.”

“Sasa unaona.”

“Uliona mtu akishika kigingi?”

“Kushika sikuona. Lakini watu walikuwa wanainama nyuma ya gari. Wanainama, wanainuka, wanainama. Sasa mtu anainama kwa vigingi vya serikali anatafuta nini, bana?”

“Na jioni?”

“Jioni gari haikuwako.”

“Ulikuwa hapa. Uliiona ikiondoka?”

Abdisalam akaifuta meza iliyokuwa tayari safi. “Hapo sikuona,” alisema.

Kabla Wakhungu hajauliza jingine, Alwi mwenyewe aliingia. Alikuwa mtu mnene, kofia safi, na watu wake walikuwa wamemfikishia habari kabla vumbi la gari la polisi halijatua.

“Bwana Inspekta,” alisema, “nasikia jina langu linachemshwa humu pamoja na majani ya chai.”

“Kaa, Bwana Alwi. Ulikuwa hutaki mfereji?”

“Sikuutaka, na sikuficha. Nilisema barazani mbele ya chifu na mbele ya padri. Asemaye mbele za watu anakwenda kung’oa vigingi kufanya nini?”

“Siku ile gari lako lilibeba nini?”

“Jiwe la kinu, jipya, kutoka stesheni ya Bungoma. Ng’ombe wanane, na nusura niwachinje wote kwa kuwahurumia.”

“Lilisimama pale kwenye vigingi kwa nini?”

Alwi akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua hunyesha kuja chini. “Halikusimama. Ningelisimamisha kwenye mteremko ule, jiwe lingenirudisha Bungoma.”

“Abdisalam ameliona limesimama.”

“Basi Abdisalam na apande nami akanionyeshe liliposimama.”

Wakapanda wote watatu. Juu kidogo ya soko barabara ile huacha udongo na kupita juu ya mwamba mtupu, mweusi, mrefu kama kanisa, na vigingi vya katikati viko kando yake. Wakhungu akachuchumaa. Juu ya mwamba palikuwa na makovu meupe, mafupi, kama mtu amegonga na chuma.

“Mtaimbo,” Alwi alisema. “Ng’ombe wanavuta, gurudumu linapanda upana wa kiganja, vijana wangu wanapigilia mtaimbo nyuma yake lisirudi. Ng’ombe wanapumua. Halafu tena. Hao ndio walioonekana wakiinama.”

Kovu lilifuatana na kovu, baina yao upana wa kiganja, tangu mwanzo wa mwamba hadi mwisho wake. Wakhungu aliyafuata akiwa ameinama hadi kileleni. Mbele ya vigingi hayakuongezeka wala kupungua. Hapakuwa na mahali ambapo mtu angesema, hapa gari lilikaa.

Alipoteremka alimwita Abdisalam kando. “Ukiwa pale mlangoni kwako, gari likisogea upana wa kiganja, utaona?”

Abdisalam akapima kwa macho, kutoka mwambani hadi hotelini na kurudi. Hakuwa mtu mbaya. “Sitaona,” alisema mwishoni. “Lakini afande, mimi sikudanganya. Niliangalia mara mbili, ikawa ni pale pale.”

“Najua hukudanganya. Gari lilikuwa linapanda mbele ya macho yako, ila linapanda kidogo sana.”

Alwi akaondoka na heshima yake. Wakhungu alibaki pale mwambani akiligeuza tete mkononi, na hakuwa na furaha hata kidogo. Mkuu wa polisi alikuwa amempa njia mbili tu. Ama vigingi vilihamishwa na Alwi, ama vipimo vilibadilishwa ofisini na karani aliyevikokotoa. Karani huyo aliitwa Gicheru, Mkikuyu, na mwaka ule jalada la Mkikuyu halikuhitaji kunenepa. Tayari alikuwa katika selo ya Kitale, na asubuhi ya kesho kutwa palikuwa na lori la kuwapeleka Wakikuyu wenzake kwenye kambi ya kizuizini bila kuwapitisha kwa hakimu yeyote. Kwa kumtoa Alwi, Wakhungu alikuwa amemsogeza Gicheru hadi mlangoni mwa lori hilo, na jambo hilo lilimuuma.

*

Kesho yake asubuhi, nje ya ofisi ya wapimaji wa mifereji mjini Kitale, mwanamke alikuwa amekaa kwenye benchi na mzigo wa nguo uliofungwa kwa shuka. Hakuomba kitu. Wakhungu alipokaribia alisimama, akasema jina lake ni Mwihaki, mke wa Gicheru, na kwamba amesikia habari za lori.

“Nimeleta sweta,” alisema. “Wanasema huko kambini ni baridi.”

Wakhungu akaingia ndani.

Bwana Tarrant, mpimaji mkuu wa ofisi hiyo, alikuwa Mzungu mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Gicheru alikuwa ameletwa kutoka selo na konstebo, mikono ikiwa na pingu. Mezani palikuwa na mashine ya hesabu, ile ya chuma yenye mpini wa kuzungusha kama ya kusagia nyama, na kando yake kitabu kinene cha jalada la kijani.

“Sijafurahi kumshtaki,” Tarrant alisema. “Amefanya kazi hapa miaka mingi. Lakini hesabu zenyewe nilizikagua mimi, kwa kanuni ya kitabu. Ziko sawa. Kama hesabu ni sawa na vigingi havikuguswa, basi vipimo vya shambani vilibadilishwa kabla ya hesabu, na nakala iliyokokotolewa ilikaa mikononi mwake peke yake.”

“Ulikagua vipi?”

“Kitabu kinaeleza. Mizunguko miwili ya mwisho ikitofautiana kwa chini ya nusu inchi, jibu limepatikana. Ilitofautiana chini ya hapo, kila kigingi.”

Wakhungu akamwambia konstebo afungue pingu. Konstebo akasita. “Mtu hawezi kunieleza hesabu bila mikono,” Wakhungu alisema, na pingu zikafunguliwa.

“Bwana Gicheru. Mimi hesabu yangu iliishia misheni. Nieleze kama unavyomweleza mtu wa soko.”

Gicheru akajisugua vifundo vya mikono. “Afande, chukua watu wamepanga mstari, kutoka mto mpaka zahanati. Huyu wa kwanza na yule wa mwisho ndio wanajua urefu wao wa kweli, kwa sababu pale kuna nguzo za serikali zilizopimwa tayari. Hawa wa kati hawajui. Kila mtu anajua tu anamzidi jirani yake kwa kiasi gani. Sasa tunaanza kwa kukisia. Halafu kila mtu anauliza jirani wa kushoto na wa kulia, nyinyi mnasema mimi niko wapi? Anachukua katikati ya hayo majibu. Tukimaliza mstari, tunaanza tena. Kila mzunguko, kisio linakaribia ukweli.”

“Kisio la kwanza mlitoa wapi?”

“Kwa chombo cha kupima uzito wa hewa, maana ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi. Siku hiyo ilikuwa baridi, hewa nzito, kikatuonyesha ardhi iko chini kuliko ilivyo. Lakini kitabu kinasema si neno, ukianza popote utafika.”

“Na ni wakati gani wa kuacha?”

“Mizunguko miwili ikikubaliana. Ilikubaliana, nikaacha. Nilifuata kitabu, afande. Hakuna mahali niliruka.”

Wakhungu alikuwa amewahoji waongo wengi, na karibu wote huwa na maneno ya akiba. Huyu hakuwa nayo. Alikuwa anamwamini mwandishi wa kile kitabu kama watu wanavyomwamini daktari.

Basi Wakhungu akakivuta kitabu, akakihoji chenyewe. Shahidi ni shahidi. Alisoma sura ya njia ile tangu mwanzo, kidole kikiwa chini ya mstari, huku Tarrant akitazama saa. Kilikuwa kitabu cha mtu aliyesoma sana, hilo halikufichika. Kila palipokuwa pagumu mwandishi alisema ni dhahiri, na kila palipokuwa pagumu zaidi alimwachia msomaji ajionee mwenyewe. Mfano ulikuwa mmoja, wa pointi nne, na majibu yalitua upesi kama kuku waliomwagiwa mtama.

“Mfano una pointi nne,” Wakhungu alisema. “Chwele mlikuwa na zaidi ya ishirini.”

“Njia ni ile ile,” Tarrant alijibu.

“Kitabu kinasema ni lini njia hii inakataa?”

Tarrant akafungua kinywa, akakigeuza kitabu upande wake, akapekua mbele na nyuma. “Hakisemi,” alisema.

“Mganga asiyetaja ugonjwa unaomshinda, sisi kwetu hatumpelekei mtoto.” Wakhungu akamgeukia Gicheru. “Katika ule mstari wako, nani anachelewa kupata habari za kweli?”

“Wa kati, afande. Ukweli unatoka kwa yule wa kwanza na yule wa mwisho. Unapita kwa jirani hadi jirani.”

“Na mstari ukiwa mrefu?”

Gicheru aliitazama mashine, kisha mikono yake. “Unafika ukiwa umechoka,” alisema polepole. “Unafika kidogo kidogo.”

“Kidogo kama nusu inchi?”

Nje lori la mahindi lilipita, vioo vikatikisika, vikatulia.

“Jana,” Wakhungu alisema, “nilikutana na mtu mkweli aliyeapa kwamba gari limesimama. Aliangalia mara mbili, akaliona pale pale. Lilikuwa limebeba jiwe la kinu, linapanda upana wa kiganja kwa wakati. Mahali lilipokuwa likienda palikuwa mbali bado. Bwana Tarrant, kanuni ya kitabu chako inaangalia mara mbili halafu inasema gari limefika. Nataka Gicheru aendelee na hesabu kutoka pale alipoacha. Kwa vipimo vile vile vya shambani, ambavyo wewe mwenyewe utamsomea.”

“Kitabu kinasema simama.”

“Kinasema. Lakini hakuna sheria ya Kenya inayomkataza mtu kuendelea.”

Tarrant alitaka kucheka, akaghairi. Akaenda kabatini, akaleta vipimo vya shambani alivyokuwa ameviandika kwa mkono wake kabla ya kumpa karani nakala. Akaanza kusoma, na Gicheru akashika mpini.

Kazi hiyo haikuwa na utamu wowote. Mpini unazungushwa, kengele ndogo inalia, namba inaandikwa, jirani anaulizwa, mpini tena. Mzunguko wa kwanza kigingi cha katikati kilipanda chini ya nusu inchi, kama Tarrant alivyosema. Wa pili nao chini ya nusu inchi, na kilipanda. Tarrant alisema si kitu hicho. Baada ya mizunguko kadhaa hakusema tena, na akaanza kuinamia karatasi. Kigingi hakikurudi nyuma hata mara moja. Kilipanda, kikapanda, kila safari kwa hatua ambayo kitabu kilisema haihesabiki. Haba na haba hujaza kibaba, Wakhungu aliwaza, na mwandishi wa kitabu hakuwahi kutumwa dukani na mama yake.

Saa za chakula zilipita. Konstebo aliletewa mkate akala amesimama. Mkono wa Gicheru ulipochoka, Tarrant alivua koti, akasema, “Nipe,” akazungusha yeye huku Gicheru akimsomea. Hapakuwa tena na mshtaki wala mshtakiwa pale mezani. Palikuwa na watu wawili waliotaka kujua gari linakwenda wapi.

Jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la magharibi, Tarrant aliacha mpini. “Hatua sasa zimekuwa ndogo sana,” alisema. “Ndogo mno kuliko za asubuhi.”

“Kigingi cha katikati kimepanda kiasi gani tangu kitabu kiliposema simama?”

Gicheru akakokotoa, akachora mstari mrefu kwenye karatasi kubwa ya ramani, kwa rula, kwa kipimo kamili. Hapo ndipo Wakhungu alipolitoa lile tete ndani ya koti, akalilaza juu ya mstari. Ncha moja ililingana na mwanzo. Ncha ya pili ilipita mstari kwa upana wa kidole kimoja.

“Hii ni nini?” Tarrant aliuliza.

“Ni kina ambacho wakulima wa Chwele waliongeza pale katikati mpaka maji yakakubali kupita. Tete hili nililikata jana. Hakuna aliyejua urefu wake humu ndani isipokuwa mimi.” Akamwonyesha pia jinsi mkanda wa udongo ulivyokonda kuelekea kwenye nguzo za serikali, pande zote mbili. Tarrant akapekua namba za vigingi vingine, cha jirani, cha jirani wa jirani. Zilikonda vivyo hivyo. Hakuna mkono wa mtu ambao ungeweza kuiba kwa mpangilio ule. Ardhi ilidhaniwa iko chini, ikachimbwa kidogo, na maji hayasomi vitabu.

Tarrant akakaa. Alizeeka kidogo pale kitini.

“Kitabu hiki kinatumika kila mahali,” alisema.

“Ndiyo maana nina haja ya maandishi yako leo,” Wakhungu alisema. “Kwamba vipimo havikubadilishwa. Kwamba kosa limo katika kanuni ya kusimama, na katika ukaguzi uliofuata kanuni hiyo.”

“Ukaguzi wangu.”

“Ndiyo, Bwana. Na mfereji wa Myanga je? Nasikia wiki ijayo watu wanaanza kuchimba.”

Tarrant alifumba macho. Myanga ilikokotolewa kwa kitabu kile kile, na mstari wake ulikuwa mrefu zaidi. “Wote urudiwe,” alisema. “Kila kigingi.”

“Nani atarudia?”

Mzungu huyo angeweza kuandika kwamba karani alikosea, na mkuu wa polisi angeshukuru, na lori lingeondoka asubuhi. Jina lake lingebaki safi. Gicheru hakumtazama. Aliitazama karatasi.

“Gicheru,” Tarrant alisema mwishoni. “Siwezi kumaliza bila Gicheru. Nitaandika na hilo pia, kwamba anahitajika hapa kazini.” Akavuta karatasi, akaandika yote, la kwake na la kitabu, akatia sahihi. Wakhungu alisoma mara moja, akasoma tena, akaikunja. Alimheshimu mtu huyo wakati ule kuliko alivyotarajia asubuhi.

“Unaweza kuacha sasa,” alimwambia Gicheru, ambaye alikuwa ameshika mpini tena. “Jalada hili limefungwa. Nenda nyumbani upumzike.”

Gicheru alitazama ule upana wa kidole uliobaki baina ya mstari na ncha ya tete.

“Bado inatembea, afande,” alisema, akazungusha.

Wakhungu akatoka nje. Mwihaki alikuwa bado kwenye benchi, mzigo mapajani, na aliposimama safari hii alisimama haraka.

“Lori la kesho hayumo,” Wakhungu alimwambia. “Ushahidi umeandikwa na kutiwa sahihi. Fungua mzigo wako, mama, uende ukapike.”

Mwihaki akafunika uso kwa viganja, akalia. Kisha akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake.

“Na lori la wiki ijayo?” aliuliza.

Wakhungu alikuwa na jibu tayari. Alikuwa na karatasi mfukoni, na Mzungu aliyekiri, na tete lililolingana na hesabu. Alifungua kinywa aseme yamekwisha. Ndani, kengele ndogo ya mashine ikalia, mpini ukaanza mzunguko mwingine.

“Sijui,” alisema.

Mwihaki aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kitu alichokijua. Akaingiza mkono kwenye mzigo, akatoa sweta, akamkabidhi ampelekee Gicheru ndani kwa kuwa jioni ya Kitale ni baridi. Kisha akalikaza fundo la shuka, akausukuma mzigo chini ya benchi, akakaa kungoja.